Kamba ya Mafundo Ishirini: Siku Sita Tshangalele

Jumatatu. Lubumbashi hadi Likasi

Aliyenitia safarini ni mwanafunzi wangu mmoja wa Katuba, mtaa wa Lubumbashi. Tulikuwa tumetandaza ramani ya Katanga, huku kwetu Kongo, juu ya meza, akaweka kidole kwenye doa la buluu lililo mashariki ya Likasi, ziwa Tshangalele, akauliza: "Mwalimu, hii mayi iko na murefu gani?" Nikajibu jibu la mwalimu asiyejua: ziwa ni ziwa, lina kina chake. Darasa zima likacheka. Nimefundisha jiografia miaka kumi na mitatu, na kutoka kwangu hadi ziwa hilo ni safari ya asubuhi moja, lakini sikuwa nimewahi hata kulichungulia.

Basi mwisho wa Agosti, shule zikiwa bado zimefungwa, nilikwenda soko la Kenya, mtaa mwingine wa Lubumbashi, nikanunua kamba ya nailoni ya mita 20. Usiku nikapiga fundo kila baada ya mita moja, na mwishoni nikafunga nati nzito ya gurudumu la lori. Mke wangu alinitazama, akauliza kama nimenunua mbuzi.

Kutoka Lubumbashi hadi Likasi ni kama kilomita 120, lami tupu. Njia nzima tulipishana na baiskeli za makala, yaani makaa, magunia matatu au manne kila moja, mwenyewe anasukuma kwa mguu huku ameinama kama anayetafuta sarafu. Huko Luishia vumbi la migodi limepaka miti rangi ya matofali. Mwezi wa nane huku kwetu mvua ni hadithi ya zamani, majani yote yamekauka, na moshi wa moto wa porini umesimama angani.

Kisha daraja la Lufira. Abiria wengi hulipita wamelala. Septemba 1961 askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, watu zaidi ya 150, walizingirwa Jadotville, ndiyo Likasi ya leo, na wenzao waliotumwa kutoka Elisabethville, Lubumbashi ya leo, kwenda kuwaokoa walikwamia hapa mtoni mbele ya bunduki za askari wa Tshombe, aliyeitenga Katanga na Kongo. Walioko mjini walipigana siku tano, wakaishiwa risasi na maji, wakatekwa. Mwanzoni mwa Januari 1963 Wahindi wa jeshi hilohilo la Umoja wa Mataifa waliuvuka mto huu ingawa daraja lilikuwa limevunjwa, na mwezi huo haukuisha kabla Katanga ya Tshombe haijaisha yenyewe. Nilichungulia dirishani kuona mto uliosimamisha majeshi. Ulikuwa mwembamba, wenye rangi ya chai ya maziwa, na watoto wawili walikuwa wanaoga.

Ndio mto uleule unaofanywa ziwa mbele kidogo.

Jumanne. Likasi

Nilidhani Likasi nitapita tu. Lakini ukitaka kujua kwa nini ziwa lipo, huwezi kuanzia majini, lazima uanzie Shituru.

Wazungu wa Union Minière, kampuni ya migodi, mwanzoni waliyeyusha shaba kwa moto, katika tanuru za Lubumbashi. Mawe yenye shaba nyingi yanafaa kwa moto. Mawe yenye shaba kidogo ni hasara, unachoma mlima mzima upate sufuria. Kwa hiyo wakageukia njia nyingine: unasaga jiwe, unaliloweka kwenye asidi, shaba inayeyuka ndani ya maji kama chumvi, kisha unapitisha umeme, na umeme unaivuta shaba hadi ikashike kwenye mabamba, safi kabisa. Kiwanda cha Shituru kilianza kazi hiyo mwaka 1929. Njia hiyo hula umeme mchana na usiku bila kupumzika. Mwaka uliofuata, 1930, mitambo ya umeme ya Mwadingusha, kwenye ukuta unaozuia Lufira, ikaanza kuzunguka. Anayezitazama tarehe hizo mbili hahitaji kuelezwa zaidi. Kiwanda ndicho kilichozaa ziwa.

Muzee mmoja mstaafu, tuliyekaa naye chini ya mwembe, aliniambia jambo hilohilo kwa maneno machache: "Ile ziwa haiko ya samaki, Mwalimu. Iko ya shaba. Samaki balikuyaka benyewe."

Mchana nilishuka kuutazama mto Panda. Unapita chini ya viwanda, na maji yake huishia Lufira, kisha ziwani. Kandokando yake akina mama wamelima lengalenga, ndio mchicha, na vitunguu, bustani nzuri kweli, matuta yamenyooka kama mistari ya daftari. Rangi ya maji sikuipenda. Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya kupima mkojo wa watu 351 wa upande huu wa kusini ya Katanga, na kwa walioishi karibu na migodi na viwanda waliona kobalti, metali ya migodini, kwa viwango vya kutisha. Nilimuuliza mama mmoja kama anajua. Akasema anajua, na kwamba lengalenga leo ni fungu moja faranga mia tano, nachukua mangapi?

Nilichukua mawili. Kisha sikujua niyapeleke wapi, nikampa mwenye nyumba ya wageni.

Jumatano. Kapolowe

Nilirudi nyuma hadi Kapolowe-Gare, kituo cha reli, na hapo nikapanda moto, yaani pikipiki, hadi Kapolowe-Misheni. Misheni ni ya zamani, ya Wabenedikto, wale wamonaki wa Ubelgiji waliofika Katanga mwaka 1910.

Nilimwambia kijana wa moto anisimamishe tutakapofika ziwani. Akasimama. Nikatazama mbele: matete, mafunjo, nyasi, ng'ombe wawili, na mbali kabisa mstari unaong'aa kama bati.

"Ziwa iko wapi?"

"Tuko ndani, Mwalimu."

Kweli, miezi minne kabla, mahali tuliposimama palikuwa na maji. Tshangalele halina ufuko kama wa Tanganyika, ambako unajua hapa nchi kavu na hapa maji. Bonde lenyewe ni tambarare kama sinia, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,100, na maji yakishuka kidogo tu, nchi inatokea kwa kilomita nzima. Mvua zikijaza kati ya Januari na Aprili, maji yanarudi kudai mahali pake. Wenyeji wanalifahamu hilo na wanalima katika tope linaloachwa, maboga na mahindi ya haraka, wakikimbizana na kalenda. Mimi kwenye ramani huwa nachora ziwa kwa mstari mmoja wa wino. Sijui nani alinifundisha hivyo.

Jina nalo lina mambo. Ramani zingine zinaandika Tshangalele, zingine ziwa la Lufira, zingine Mwadingusha. Hapa Kapolowe nimesikia watu wakisema "mayi" tu. Unakwenda wapi? Ku mayi.

Usiku bukari, ndio ugali, na kabambale wa kukaushwa kwa moshi. Sikuuliza alivuliwa upande gani.

Alhamisi. Majini

Saa kumi na moja alfajiri mvuvi mmoja alikubali kunichukua. Mtumbwi wake ni wa mbao za kupigilia misumari, umezibwa kwa lami na vitambaa. Nilimweleza kuwa sijui kuogelea. Alicheka mpaka akashika magoti.

"Ukianguka, simama tu, Mwalimu."

Hakuwa na kasia. Alikuwa na pondo, mti mrefu unaochoma chini na kusukuma, na tulikwenda hivyo tangu asubuhi hadi saa nne, mti ukigusa ardhi kila mara, tukiwa katikati ya ziwa ambalo ukisimama huoni ng'ambo. Hilo peke yake lilikuwa jibu la swali la mwanafunzi wangu, lakini mimi nilikuja na kamba na kamba lazima ifanye kazi. Nikatupa. Nati ikazama, kamba ikalegea: fundo moja na nusu. Mbele zaidi: mafundo mawili. Kwenye njia ya zamani ya mto, ambapo maji yanatembea kidogo na rangi inageuka, nilipata manne, nikafurahi kama aliyeokota almasi. Halafu tena mawili, moja na nusu, mawili. Mafundo kumi na sita hayakulowa kabisa.

Vitabu vinasema hivyohivyo: ziwa likijaa linatanda zaidi ya kilomita za mraba 400, na kina chake kwa wastani hakifiki mita tatu. Nilikuwa nimesoma tarakimu hizo. Tofauti ni kuziona zimelegea mkononi.

Mvuvi alifuata kamba kwa macho. "Weye unapima juu ya nini?"

Nikamwambia ya mwanafunzi. Akafikiri kidogo, akasema upana ndio wa kuogopa hapa, murefu si kitu. Asubuhi kama hii maji yamelala, lakini upepo ukiamka, ziwa la kina kifupi namna hii linachafuka upesi kuliko lenye kina kirefu. Mawimbi yanakuwa ya karibukaribu, yanapiga mtumbwi kabla haujainuka kutoka kwa lililotangulia. Anayekufa, alisema, hauawi na maji. Anauawa na tope na nyavu: anaruka asimame, miguu inazama, nyavu zinamfunga. Baada ya hapo sikucheka tena ule utani wa asubuhi.

Jua lilipopanda nikakumbuka hesabu nyingine. Katika nchi yenye kiangazi kirefu kama yetu, maji yaliyo wazi hunyweka na jua zaidi ya mita moja kwa mwaka. Ziwa lenye mita mia halihisi. Lakini hili lina mbili na nusu! Na kila mita moja ya maji inayopaa juu ya kilomita za mraba 400 ni mita za ujazo milioni 400 ambazo hazitagusa mtambo wowote. Ni kama kuweka chai kwenye sinia badala ya kikombe. Wahandisi wa miaka ya ishirini walijua hesabu hii kuliko mimi. Kwa nini basi wakafanya sinia? Nililiweka swali mfukoni.

Samaki: nyavu tano zilitoa tilapia kama thelathini, wengi wa kiganja, na kambale wawili wenye sharubu ndefu kama za katibu wa zamani. Mvuvi aliwatupa wale wadogo kabisa ndani ya beseni pamoja na wengine, nikamtazama, akanitazama. Msimu wa mvua, samaki wanapozaa, uvuvi hufungwa na serikali. Alisema mwenyewe anafuata. Alisema pia kuna wanaovua usiku kwa vyandarua vya mbu, na kwamba chandarua hakimwachi hata mtoto wa jana.

Tulipokuwa tunarudi, alinionyesha vichaka vilivyosimama majini, vimening'inizwa viota vikavu vya msimu uliopita. Vya minana. Huku ndiko kwa mnana mmoja ambaye kwa miaka mingi hakujulikana popote pengine duniani: kielelezo kilichukuliwa hapa mwaka 1960, kikakaa kwenye droo ya makumbusho, na mwaka 1982 ndipo alipopewa jina la kisayansi, *Ploceus ruweti*. Halafu hakuna mtaalamu aliyemwona tena hadi 2009. Mwaka uleule wa 1982 Unesco iliandika bonde la Lufira katika orodha ya hifadhi zake za viumbe. Ndege huyu amenikaa kichwani. Ziwa lina umri wa bibi yangu, lakini ndege hatengenezwi kwa miaka tisini. Maana yake alikuwako kabla, katika vinamasi vya Lufira, na ukuta ulipojengwa yeye alipanuliwa nyumba. Nadhani ndiye pekee ambaye hakuulizwa wala hakulalamika.

Ijumaa. Mwadingusha

Kutoka Kapolowe nililazimika kurudi Likasi, kisha moto tena hadi ng'ambo ya ziwa, vumbi mpaka kwenye meno. Dereva alikuwa na mazungumzo mengi na breki kidogo.

Nilitarajia ukuta. Nimeona picha za Inga, nimeona za Kariba, nilikuwa nimeandaa shingo yangu kutazama juu. Niliyoyakuta: ukuta wa kawaida, si mrefu, maji yametulia nyuma yake kama bwawa la kufugia samaki, tilapia wa Kipopo wangejisikia nyumbani. Nikasikitika. Nimekula vumbi lote hili kwa ajili ya uzio?

Halafu mlinzi, mtu mpole, akanipeleka hatua mia kadhaa upande wa chini na kusema tazama.

Nchi imekatika. Pale pale baada ya ukuta bonde tambarare linakwisha kama meza inavyokwisha, na mto ambao tangu Kapolowe umekuwa ukitambaa bila haraka unaporomoka zaidi ya mita 100. Ndiyo maporomoko ambayo ramani za zamani ziliyaita Cornet. Siku hizi sehemu kubwa ya maji haianguki kwa hiari yake, inapitishwa kwenye mabomba makubwa yanayoshuka mteremko hadi kwenye nyumba ya mitambo huko chini, nyumba ndogo kama kiberiti ukiitazama kutoka juu. Mitambo ni sita.

Swali lililokuwa mfukoni likajibiwa lenyewe. Kina cha Tshangalele kipo, ila kiko nje ya ziwa, chini ya ukuta. Nguvu ya umeme wa maji hutokana na urefu wa kuanguka na wingi wa maji. Urefu Mungu alikwisha uweka hapa, hakuna haja ya kujenga ukuta wa kushindana na mlima. Kilichokosekana ni maji ya kiangazi, maana Lufira ya Oktoba si Lufira ya Machi. Ukuta mfupi mdomoni mwa bonde tambarare ulitosha kutandaza akiba, na kama jua litakunywa sehemu yake, na inywe. Walichagua sinia kwa sababu sinia ndilo lililokuwa limekaa juu ya kabati. Mimi nilikuwa natupa kamba upande usio wake.

Nikatamani angalau niitupe nyuma ya ukuta, mahali pekee ambapo labda mafundo mengi yangelowa. Mlinzi akaikatalia kamba kabla sijaitoa vizuri mfukoni. Picha pia hapana.

Tulikaa kivulini tukazungumza majina. Wakoloni waliita kituo hiki Francqui. Kile cha Koni, chini kidogo kwenye mto huuhuu, kilichofuata mwaka 1950, wakakiita Bia. Na maporomoko, Cornet. Ni watu watatu wa msafara mmoja, uliofika Katanga mwanzoni mwa 1892, wiki chache baada ya mfalme Msiri kuuawa Bunkeya, mji wake. Kapteni Bia ndiye aliyekuwa mkubwa, akafa njiani mwaka huohuo. Francqui akashika uongozi, baadaye akarudi Ubelgiji akawa bwana mkubwa wa fedha. Cornet alikuwa mtaalamu wa mawe, ndiye aliyeandika wapi shaba ilipo. Hata vile vituo viwili vya Lualaba vilivyokuja baadaye, Nzilo na Nseke, vilipewa majina ya viongozi wa misafara mingine ya miaka hiyohiyo, Delcommune na Le Marinel. Ukiunganisha nyaya za umeme za Katanga unapata orodha ya waliotembea kwa miguu. Wapagazi wao, waliokufa njaa wengi, hawakupata hata kibanda cha samaki chenye jina lao. Sasa angalau majina ni ya mahali penyewe.

Mitambo ilizeeka, ikawa inakufa mmoja mmoja. Ukarabati uliofadhiliwa na mgodi wa Kamoa-Kakula, ule ulioanza kutoa shaba karibu na Kolwezi mwaka 2021, umeirudisha yote sita kazini, karibu megawati 78. Yaani umeme wa Lufira umerudi kwenye kazi yake ya kwanza. Muzee wa Likasi angesema nini tena? Nyaya zinapita juu ya vijiji, nzuri, zimenyooka. Nilipotoka pale jioni mama mmoja kando ya njia alikuwa anakaanga mandazi juu ya mbabula, jiko la makala, na taa yake ilikuwa tochi ya Kichina iliyofungwa kwenye mti.

Jumamosi. Kurudi

Likasi sokoni nilinunua tilapia wakavu, beseni dogo. Muuzaji aliapa ni wa Kasenga. Samaki wa Kasenga, wa Luapula, ana jina Lubumbashi nzima, na bei yake ni ya mtu mwenye jina. Nikamwambia nimelala Kapolowe siku mbili, hawa nawajua kwa sura. Akacheka, akapunguza bei, akaniomba nisiseme kwa sauti.

Kwenye basi kamba ilikuwa miguuni pangu, imekauka upande mmoja na upande mwingine pia. Nilijaribu kufungua fundo la nne, lile la njia ya mto wa zamani, lakini nailoni ikishaloweka hujikaza, ikanishinda.

Nyumbani mama mkwe alikuwa jikoni. Akachukua samaki mmoja, akamgeuza, akamnusa mgongoni na tumboni.

"Hii iko ya Kasenga?"

Nilifikiria Panda, na yale matuta ya lengalenga yaliyonyooka, na mvuvi aliyesema upana.

"Ya Kapolowe, mama."

Akamnusa tena, kwa muda mrefu zaidi. Kisha akaniambia nilete nyanya.